Mgogo Aliyefuata Mto Kiwira

Kwetu Bahi mtoto akitumwa mtoni kuteka maji hubeba vitu vitatu: dumu, kata na jembe. Jembe ni la kuchimbia. Mto Bubu kwa sehemu kubwa ya mwaka ni njia ya mchanga tu, ng'ombe wanapita katikati, vijana wanacheza mpira humo humo. Maji yapo, ila yamelala chini. Unachimba mpaka mkono unazama hadi kiwikoni, halafu unakaa kusubiri. Kwanza mchanga unabadilika rangi, kisha unalowa, kisha kinatokea kidimbwi cha ukubwa wa sahani. Unachota kata mbili tatu, unasubiri tena. Nimefundisha jiografia miaka kumi na moja, na kila mwaka nikifika kwenye mada ya mito, ile ya chanzo na maporomoko na mdomo wa mto, watoto hunitazama kana kwamba nawasimulia habari za mwezini. Siwalaumu. Na mimi nilikuwa naisoma kitabuni kama wao.

Mke wangu ni Mnyakyusa wa Rungwe. Tangu tufunge ndoa nilikuwa nakwepa safari ya ukweni kwa visingizio vya nauli. Juni iliyopita mama mkwe alipiga simu mwenyewe, akaongea na binti yake kwa Kinyakyusa dakika nzima, nikatafsiriwa sentensi moja: "Anasema anataka kumwona mjukuu kabla hajaota ndevu." Mjukuu ana miaka mitatu. Tukakata tiketi.

Safari ya basi sitaieleza sana. Dodoma, Mtera, Iringa, Makambako, Mbeya. Pale Mtera tu ndipo nilipoamka, maana kwenye lile bwawa maji ya Ugogoni nayo yamo, na kila nikipita huwa nachungulia dirishani kama mtu anayepita nje ya nyumba aliyowahi kupanga. Tulishuka Uyole usiku, baridi ikanishika masikio, tukalala gesti. Asubuhi tukapanda Coaster ya Tukuyu.

Barabara inapanda kwanza milima ya Uporoto, kwenye viazi na kabichi na watu waliovaa makoti mazito kama wanakwenda vitani. Kisha inaanza kushuka, na hapo ndipo mambo yanapobadilika. Migomba. Chai iliyokatwa sawa kama nywele za mwanafunzi siku ya ukaguzi. Parachichi. Na kila baada ya dakika chache, daraja dogo. Nilianza kuhesabu yale yenye maji chini yake. Yote yalikuwa na maji. Nikaacha kuhesabu.

"Hii ndiyo Kiwira," mke wangu akasema tulipofika KK, mji mdogo ambao kila mtu anauita kwa herufi hizo mbili. Wengi wetu tunalijua jina la Kiwira kwa ajili ya makaa ya mawe. Mimi nilichungulia nikaona mto wa kijivu unaokimbia kwa fujo kati ya mawe, katikati ya Juni, mwezi ambao Bubu umeshakuwa uwanja wa mpira. Nikasema moyoni, huyu nitamfuata.

Kwanza lakini niwaeleze aibu yangu ya siku ya kwanza. Mama mkwe alinitengea maji ya moto ya kuoga, ndoo kubwa imejaa hadi pomoni. Nikaoga kwa nusu ndoo, nusu nikaifunika vizuri kwa beseni nikaiacha pembeni, kama ambavyo mama yangu angetaka. Baadaye nikasikia minong'ono jikoni. Mke wangu akaja kuniuliza kama naumwa. Mama alikuwa ameona maji yamebaki akadhani mkwe ana homa na ameogopa kuoga. Ilibidi nielezee. Mama mkwe akasikiliza yote kwa upole, akaingia ndani, akatoka na bakuli la mbalaga, ndizi zilizopikwa na nyama, akaniwekea mbele. Nikasema "ndaga fijo", maneno pekee niliyokuwa nimefundishwa. Kwa siku zote nilizokaa pale nilisema ndaga fijo mpaka nilipoambiwa kwamba mbuzi amekula soksi yangu.

Kesho yake shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anayeendesha bodaboda, akajitolea kunitembeza. Tulianza na Daraja la Mungu.

Ukifika usitegemee kuona daraja. Mimi nilikuwa nimeshasimama juu yake naangaza macho, nauliza liko wapi, shemeji anacheka. Juu kuna udongo, nyasi, vichaka. Ni ardhi ya kawaida kabisa. Mpaka uteremke pembeni, ushike mizizi, ugeuke, ndipo unaona kwamba chini ya miguu yako palikuwa na tao la jiwe jeusi na Kiwira inapita katikati yake bila haraka.

Hapo mwalimu ndani yangu akaamka. Rungwe ni mlima wa volkano, mita 2,960, na jirani zake Ngosi na Kiejo ni volkano pia. Eneo lote hili liko pale ambapo mikono miwili ya Bonde la Ufa inakutana. Uji wa volkano ukishuka bondeni, ngozi yake ya juu hupoa na kuwa jiwe wakati chini bado ni moto na unatembea, kama uji wa ulezi unavyofanya utando ukiuacha kwenye bakuli. Mto nao haukubali kuzibiwa njia. Unatafuta penye udhaifu chini ya ule utando, unapenya, na miaka yote iliyofuata unakuwa unapanua tu mlango wake. Nilimweleza shemeji haya yote kwa mikono na kwa sauti ya darasani. Akanisubiri nimalize.

"Sisi tunasema Mungu alijenga mwenyewe bila mkandarasi," akasema, "ndiyo maana mpaka leo halijabomoka."

Sikuwa na la kuongeza.

Kijungu ndiko kulikonimaliza. Kutoka kwenye daraja unaendelea mbele kidogo, ila ni lazima upite kwenye eneo la chuo cha Magereza, kwa hiyo kuna geti, kuna kujieleza, kuna kuandika jina. Nikiri kwamba Mgogo akiona geti la Magereza huwa anakumbuka dhambi zake zote, hata zile za darasa la tano. Tulipokelewa vizuri, tukaelekezwa njia, tukateremka kwa miguu.

Unaanza kusikia kabla ya kuona. Si ule mlio wa maporomoko niliouzoea kwenye televisheni. Ni mngurumo wa chini, kama lori lililozimwa taa linasubiri mahali. Kisha unatokea juu ya mwamba mweusi uliolainika kama mgongo wa kiboko, na mto mzima, ule ule mpana niliouona KK, umebanwa ukaingia kwenye ufa mwembamba. Unaanguka, unageuka, unaingia ndani ya chungu cha jiwe. Chungu hasa, cha mviringo, na kuta zake zimesuguliwa zikanyooka. Maji yanazunguka humo yanatoa povu kama kitu kinachochemka. Halafu yanapotea. Unatazama upande wa pili unaona mwamba mkavu. Unatembea hatua chache, unachungulia, na mto unatokea tena kutoka chini ya jiwe, umetulia, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nilikaa pale saa nzima. Kitabuni kuna mchoro: mawe madogo yanaingia kwenye tundu la mwamba, maji yanayazungusha, yanasaga kama mchi kwenye kinu, tundu linazidi kuwa refu na pana mpaka linakuwa kisima. Nimeuchora ubaoni mara nyingi sana, mduara na vimshale. Sasa niliona kwamba vimshale vyangu vilikuwa vya mtu asiyejua anachokisema. Sikuwahi kuwaambia watoto kwamba jiwe linatetemeka, kwamba ukiweka kiganja kwenye mwamba unahisi mto unavyosaga huko ndani. Wala sikuwahi kuwaambia juu ya harufu, harufu ya maji yaliyovunjwavunjwa, baridi inayoingia puani.

Jambo moja nililofikiri pale, nalisema ingawa najua ni la kitoto: huu ni mto mkubwa wenye maji mengi kuliko Ugogo wote, na bado una mahali unapopita chini usionekane. Kama wetu.

Hakukuwa na kizuizi ukingoni, na mwamba ulikuwa na utelezi. Vijana wawili waliokuja kupiga picha walisimama mahali ambapo mimi nisingesimama hata kwa mshahara wa mwaka. Nikajifanya mtu mzima, nikawaonya, nikarudi nyuma hatua moja, nikateleza. Sikuanguka majini, namshukuru Mungu, nilikaa kitako tu. Ila ndala ya mguu wa kushoto ilichomoka. Ikateremka kwenye mwamba polepole, ikaingia chunguni, ikazunguka mara tatu nikiitazama, ikazama. Tulikwenda upande wa pili kuisubiri. Tulisubiri sana. Haikutoka.

"Usijali, shem," shemeji akasema. "Itatokea Kyela."

Nilirudi nyumbani nyuma ya pikipiki na mguu mmoja umevishwa mfuko wa rambo.

Siku zilizofuata tulizunguka kwingine. Tulipanda Ngosi, kule juu kwenye ziwa lililo ndani ya kreta. Njia ni ya msituni, mianzi na tope, na sehemu ya mwisho unapanda kwa mikono. Wenyeji wanasema ziwa lile lina umbo la ramani ya Afrika. Mimi niliona ukungu. Ukungu wa umbo lolote unalotaka. Tukala maandazi yetu, tukashuka.

Kaporogwe ilikuwa bora zaidi. Ni maporomoko ya mto Kala, kusini ya Tukuyu, marefu ya kuinamisha shingo nyuma, na nyuma ya pazia la maji kuna pango unaloweza kuingia ukasimama, ukautazama ulimwengu kupitia maji. Wazee husimulia kwamba Wajerumani walijificha humo wakati wa vita. Tukuyu yenyewe ilikuwa boma lao, wakiiita Neu Langenburg, kwa hiyo hadithi za Wajerumani huku haziishi. Hata Ziwa Masoko linasemekana limefichwa mali zao chini. Nilimwuliza shemeji kwa nini Wajerumani walipenda sana kuficha vitu majini. Akasema kwa sababu maji ndicho kitu kilichokuwepo karibu.

Na hapo nifike kwenye ugomvi wetu, maana tuligombana kidogo.

Karibu na nyumbani kwa mama mkwe kuna chemchemi. Maji yanatoka kwenye ubavu wa kilima kwa bomba la mwanzi, mchana na usiku, hakuna mtu anayeyafunga. Siku ya kwanza nilishindwa kulala kwa sababu hiyo. Nilikuwa nasikia maji yanamwagika nje na mwili wote ukiniambia amka ukafunge. Juu ya chemchemi ile, jirani amepanda mikaratusi, mizuri, imenyooka, ya nguzo. Chini yake, mtu mwingine ana bustani ya mboga inayofika kabisa ukingoni mwa kijito. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli kama hizo ndani ya mita sitini kutoka ukingo wa mto. Nikaanza kupima kwa hatua. Shemeji akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia. Nikamwambia na habari za mikaratusi, kwamba inakunywa sana, na kwamba chemchemi hazifi siku moja, hupungua kidogo kidogo huku watu wanazizoea zilivyo.

"Shem," akasema, "hapa mvua inapita milimita elfu mbili kwa mwaka. Wewe mwenyewe umeniambia jana. Kwenu ni ngapi?"

"Mia tano na kitu. Mia sita ukibahatika."

"Basi. Wewe unaogopa maji yataisha kwa sababu kwenu yaliisha."

"Kwetu hayakuisha," nikasema, na sauti ilipanda kuliko nilivyotaka. "Yamelala chini."

Tukanyamaza. Mzee mmoja aliyekuwa anajaza ndoo yake alikuwa ametusikia. Akasema kwa Kiswahili, bila kumtazama yeyote kati yetu, kwamba bomba lile alipokuwa kijana lilikuwa linajaza ndoo kabla hujamaliza kumsalimia mtu. Ndoo yake sasa ilikuwa nusu, na salamu zilikuwa zimekwisha kitambo. Kwa Wanyakyusa hiyo si salamu fupi. Akaitazama mikaratusi. Akasema jirani ana watoto watano shuleni na nguzo zina bei. Kisha akajitwika ndoo akaondoka.

Siku ya mwisho nilisema nataka kuona mto unakoishia. Mke wangu akasema hana habari na mito, anataka mchele wa Kyela na kokoa akaiangalie ilivyo mtini, kwa hiyo tukaenda wote, na mtoto.

Ni kushuka tu. Tukuyu uko kwenye mita elfu moja na mia tano na zaidi, Ziwa Nyasa liko chini ya mia tano, na unashuka kimo hicho chote katika safari ya asubuhi moja. Pale Ushirika, njiani, bado nilikuwa na koti. Kyela nilikuwa nimebaki na singilendi, jasho linanitoka, na kwa mara ya kwanza baada ya siku sita nikajisikia niko nyumbani. Joto lile nalijua. Majaruba ya mpunga nayajua pia. Bahi tunalima mpunga, ingawa ukiwaambia watu wa Kyela hivyo wanakutazama kwa huruma. Mke wangu alionja wali mahali, akanigeukia akasema, "Usiseme kitu." Sikusema. Ukweli ni kwamba ulikuwa mzuri.

Sokoni nikanunua ndala mpya.

Tukachukua bodaboda mbili kuelekea ziwani, upande ule kuliko na bandari inayoitwa kwa jina la mto, Kiwira. Hapo niliuona tena. Nisingeutambua. Ule mto mwembamba wenye hasira uliotikisa mwamba Kijungu ulikuwa umenenepa, mpana, wa rangi ya chai ya maziwa, unatembea kama mzee aliyekula akashiba. Kila ulichosaga huko juu, umekuja kukitua hapa: fungu baada ya fungu la mchanga. Kingo ni mchanga, katikati kuna visiwa vya mchanga, vijana walikuwa wanachota mchanga wa kujengea kwa makoleo. Wenyeji wanasema masika mto huu unapanda hadi majumbani, na unaondoka umeacha mchanga vitandani.

Shemeji alitukataza kusogea maji yalipo kwa sababu ya mamba, kwa hiyo tulikaa juu kidogo, kwenye fungu kavu. Niliuchota mchanga mkononi. Mweusi kuliko wetu, na mzito, mchanga wa volkano. Lakini ukiupitisha kati ya vidole ni kitu kile kile.

Mwanangu alikuwa ameshaanza kuchimba, kama watoto wote wanavyofanya. Nikapiga magoti nikamsaidia. Sijui kwa nini, nikajikuta nachimba kikwetu hasa, kwa kiganja kilichokunjwa, nikitupa mchanga upande mmoja tu ili usirudi shimoni. Sikufika kifundo cha mkono. Maji yalikuja kabla sijatoa vidole, yakajaa, yakafurika kwenye magoti yangu. Mtoto akapiga kelele ya furaha, akaingiza mguu.

Mama mmoja aliyekuwa anasugua sufuria kando yetu aliacha kusugua. Akamwuliza shemeji kitu kwa Kinyakyusa, akinionyesha kwa kidevu. Shemeji akajibu neno moja au mawili. Mama yule akacheka mpaka akaweka sufuria chini, na mke wangu naye akageuka pembeni mabega yanamtikisika.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Ameuliza shemeji yangu anachimba nini na mto uko pale."

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia unatafuta ndala yako."